Kiazi cha Kurudia

Saa kumi alfajiri. Isongole imejifunika ukungu hadi puani,
nami nimeshachochea moto.
Viazi vitamu vinatokota kwenye sufuria lenye sikio moja.
Lusajo, mtoto wa dada yangu, anapiga miayo mlangoni,
mfukoni ana pakiti ya biskuti na soda.
"Mama mdogo, tunakwenda kileleni Rungwe, hatuhamii Zambia."
Simjibu. Mlima una kinywa chake.

Nafunga.
Viazi sita na maganda yake,
maana kiazi kilichomenywa hugeuka uji mgongoni.
Ndizi nne. Karanga zenye chumvi, nusu mfukoni mwa koti,
kwa sababu vidole vikishaganda
mkoba haufunguki.
Parachichi nimeliacha mezani:
lina mafuta mazuri, ila halina adabu safarini.
Chai ya rangi, tangawizi ya kuponda, sukari vijiko vitano,
na chumvi (usikunje uso, Lusajo) chumvi ya kubana kwa vidole viwili,
vyote ndani ya chupa niliyoivika soksi ya sufu
ya mume wangu, soksi iliyofiwa na mwenzake.
Maji lita tatu, yenye uvuguvugu.

Baridi ni mwizi mpole.
Chakula hakigusi. Huiba kiu.
Unatembea saa tatu, jasho linakauka kabla hujalijua,
pumzi inakutoka kama moshi wa jikoni,
na moshi ule ni maji yako yanakwenda zake.
Ulimi haulalamiki.
Magoti ndiyo yatakayosema.

Nayajua haya kwa mwili wangu.
Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilipanda na watu wa misitu,
mwanamke peke yangu kati ya wanaume saba,
nikaona aibu kunywa;
anayekunywa itambidi achuchumae,
na kwenye mianzi hakuna mlango.
Kufika saa saba nilikuwa najibu maswali
ambayo hakuna aliyeyauliza.
Nilimwita Andongwisye, mwenye ndevu zake, "mama", mara mbili.
Walinishusha wakinibeba kama godoro.
Tangu siku hiyo nachuchumaa popote, na mianzi igeuze uso.

Juu ya mianzi, sakitu.
Nyasi nyeupe zinakatika chini ya buti kama chapati ya juzi.
Lusajo aliyetangulia akiimba, sasa haimbi.
Kisha anakaa. Hakuchagua pa kukaa, alikaa tu.
Soda imemchoma meno,
biskuti imekuwa saruji mdomoni.
"Nimeshiba," anasema, na midomo yake ina rangi ya zambarau.

Namiminia chai kwenye kifuniko. Funda. Ngoja. Funda.
Namenya kiazi: nje kimepoa kama jiwe la mtoni,
lakini katikati, ukikivunja,
bado mna jiko langu.
Anakula akitazama chini. Baada ya muda anaanza kunung'unika
kuhusu buti zake, nikajua amerudi.

Kileleni tulionyeshwa ukungu, basi.

Watu hufunga chakula cha kupanda.
Kupanda kuna hamu, na hamu nayo ni ugali.
Kushuka ndiko kunakovunja watu, wakati umeshaona ulichokifuata
na tumbo linakuuliza, sasa?
Ndiyo maana kiazi cha sita hakiliwi
mpaka bati la nyumba yako lionekane.
Lusajo aliutazama mkoba mara tano njiani. Nilihesabu.

Palipoanza mashamba, tukaliona bati, na moshi wa jirani.
Nilikaa kwenye tuta, nikamenya polepole,
nikala robo tatu.
Robo nikampa, na ganda lake.
Mimi si malaika, na ni mimi niliyeamka saa tisa.

Jumapili alikuja kunichanjia kuni bila kuitwa.
Alipomaliza akasimama, akiangalia shoka,
akaniuliza kama ile soksi
kweli haina mwenzake.