Oretta Amjibu Binti wa Maabara

Mwezi wa pili, theluji bado imeng'ang'ania kingo za mfereji,
ulibisha hodi na vichupa vyako, Fiammetta, ukaomba nyigu.
Nyigu! Kwangu mimi, niliyewachoma miaka sitini
kwa tambara la mafuta ya taa kwenye ncha ya mwanzi.
Nikadhani umekosea nyumba.

Ukapanda ngazi hadi darini.
Nyuma ya ubao ukamtoa mmoja, malkia,
miguu kaikunja kama mdaiwa anayesubiri mwezi uishe.
Ukasema: tumboni mwake mna hamira.

Nilicheka. Hamira iko dukani kwa Baldassarre, kwenye pakiti.
Na marehemu Ugo alisema mvinyo hujianza wenyewe:
ponda zabibu, funika, usiku wa tatu pipa litanong'ona,
na usimuulize zaidi.

Ukarudi miti ikichipua, na daftari limejaa.
Ile ya gome la mwaloni, upande usiopata jua.
Ile ya utomvu uliochuruzika pale shoka langu lilipojeruhi mti,
nami nilidhani ni usaha tu.
Ua moja lina yake, jirani yake lina nyingine,
wala hazijuani.
Ukaninusisha: hii karafuu,
hii ndizi iliyolala,
na hii, ulisema bila haya, zizi la farasi.

Hazina mbawa, ukasema. Hazina miguu.
Zabibu zikiisha, hulala baridi yote tumboni mwa malkia,
naye majira mapya huwalisha wanawe pamoja nazo.
Kwa hiyo yule mwizi aliyetoboa ganda la tunda letu
alikuwa anarudisha amana.

Kuna mwaka tulichoma viota saba.
Pipa likakaa siku tisa kimya kama kanisa Jumatatu.
Ugo aliulaumu mwezi. Mimi nilimlaumu Ugo.
Sisemi hiyo ndiyo sababu.
Wewe nawe hukusema; uliandika tu.

Tambara sasa nafutia viatu.
Jana mmoja ameniuma kidole cha pete,
nikamtukana mpaka mamaye, nikamfungulia dirisha.

Na ile uliyoitoa darini, isiyo kwenye vitabu vyako,
tafadhali usiipe jina langu.
Iite Ugo.
Naye hakuanza kazi hata siku moja
kabla hajapata joto.