Mizani, Barabara ya Kumi na Nne

Miaka thelathini nimepima misumari,
inchi mbili, inchi nne, na ile ya bati yenye kofia,
sahani hii jiwe, sahani hii chuma,
nikingoja ulimi wa mizani utulie.
Hakuna mtu Ngamiani aliyewahi kusema
Shekue kaniibia robo.

Kumbe nyuma ya sikio la kushoto
palikuwa na kitu kinaongezwa, kidogo kidogo, nisijue.
Daktari alikionyesha kwa ncha ya kalamu:
uvimbe, si saratani, kama kokwa ya tende.
Nikauliza uzito wake.
Alishangaa. Hakuwahi kuulizwa.

Waliutoa Dar es Salaam, saa nane mezani.
Sikio likaenda nao.
Badala yake wameniachia mluzi mwembamba,
kama birika lililosahauliwa jikoni kwa jirani
na hakuna wa kwenda kuliepua.

Lakini sikio si neno. Neno ni sakafu.
Sakafu ya nyumba yangu, niliyoimwaga mwenyewe,
nikailaza pima-maji kila pembe,
leo inainama nikigeuza shingo.

Asubuhi ya kwanza kwenda dukani
nilishika nguzo ya umeme, nikashika mkokoteni,
nikashika bega la mtu nisiyemjua.
Sikio lililobaki likasikia:
"Mzee huyu naye, saa tatu hii, kashaonja mnazi!"
Mimi, niliyeuonja mara moja tu,
Pangani, mwaka nisioutaja.

Baiskeli nimemwachia Kibwana wa nyumba ya pili.
Hupita mlangoni kaachia usukani, mikono kifuani,
nami humtazama
kama mtu anayemtazama mwizi wake.

Eliwaza wa Bombo hana huruma.
Tembea kando ya ukuta. Tazama kidole.
Kichwa kulia, kushoto, kulia, usisimame!
"Ubongo wako, mzee, unaanza upya darasa la kwanza."
Nikamwambia, sisi darasani tulihesabu mashairi,
nane kwa nane.
"Basi hesabu hivyo."

Nikahesabu ukumbini, kiganja kikikwaruza chokaa:

    Mguu nyanyuka twende, usiniangushe wangu,
    Ukuta nawe upende, kunishika kono langu,
    Jicho mbele lisipinde, litazame njia yangu,
    Kichwa geuka kidogo, kushoto

Hapo ndipo kibwagizo kiliponibwaga.

Usiku una yake. Umeme ukikatika
macho hayana pa kushika.
Naenda chooni kwa magoti, mzee wa miaka sitini na moja,
na Mwanamkuu nyuma yangu ananimulikia kwa simu,
hasemi kitu.
Mara moja tu alisema:
"Bora hivi unatambaa. Ulipokuwa unakimbia
sikukujua ulikokwenda."

Msikitini naswali kwenye kiti, safu ya mwisho.
Kusujudu nimesamehewa,
lakini salamu hakuna wa kunitolea.
Kulia: vitu vyote viko mahali pake.
Kushoto: feni, nguzo, viatu vya watu mlangoni
vinaondoka pamoja, kama vimeitwa.
Nakikaba kiti, nangoja.
Ulimi unacheza, unacheza.
Kungoja najua. Ndiyo kazi yangu.
Ijumaa iliyopita nilidhani,
sina hakika, huenda ni tamaa,
uliwahi kidogo kutulia.

Leo mteja alitaka rangi ya bluu.
Kopo liko rafu ya juu kabisa.
Kigoda nimekatazwa.
Nikakitazama kigoda, kigoda kikanitazama.
Nikamwambia yule bwana:
nyeupe, je?