Saa za Kwao

Fomu inataka jibu la maneno mia mbili:
Brazili inakuhusu nini?
Nimekaa Micheweni, jikoni kwa mama,
kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa,
bando limebaki tone,
na swali linanikodolea macho.

Nikaandika: Mimi ni Sichana binti Faki, mhitimu wa kilimo.
Nikafuta.
Nikaandika: Tangu utotoni nimevutiwa na Brazili.
Uongo. Utotoni nilivutiwa na mabibo ya jirani.
Nikafuta tena.

Chini yake visanduku viwili:
masuala ya jamii, masuala ya sayansi.
Tia alama kimoja tu.
Nami mkononi nna muhogo
niliokata mchana kumwonyesha Mwalimu Shaame:
nje mzima, ngozi nyororo kama ya bibi harusi,
ndani michirizi ya kahawia, mikavu, michungu,
kama kutu iliyopita kwenye maziwa.
Hiyo ni sayansi.
Lakini mama alipochimbua tuta zima, shina kwa shina,
akakaa chini, akajifunga upya kanga, asiseme neno,
na usiku tukala wali wa kukopa dukani kwa Mbarouk,
hilo nalo nilitilie alama wapi?

Mama hajui Kireno,
ijapokuwa kutwa anakisema: meza, leso, pesa, bendera.
"Huko Brazili kuna nini?"
Nikamwambia, ndiko ulikotoka muhogo.
Akanyamaza, akageuza kaa la moto.
"Kumbe huyu ni mke tuliyemtoa mbali.
Tumekula ujana wake, tumemzalisha,
leo kaugua ndio tunawatafuta jamaa zake.
Basi mjumbe haendi mikono mitupu.
Umewaandikia tunampikaje?"

Nikaandika.
Muhogo wa nazi. Wa kuchoma, chumvi na pilipili.
Makopa juu ya paa, bada siku ya mvua.
Nikaandika kwamba wanawake wa huko, nimesoma,
hukaanga unga wake juu ya sahani pana ya chuma,
na moshi, nadhani, huwaingia macho kama huu wetu.
Nataka miaka miwili, nikae kati ya maabara yao na moshi wao.
Nataka kuziona mbegu za mwituni, ndugu zake waliobaki nyumbani,
na kujua nani hulipwa kwa kuzitunza
na nani hazitaji jina lake ripoti.
Maneno mia mbili na kumi na moja.
Nikatoa yale kumi na moja ya kujisifu.
Nikatia alama sayansi.
Kisanduku cha pili kikabaki wazi, kinanitazama.

Mwisho wa kupokea ni usiku wa manane, saa za Brasilia.
Nikahesabu kwa vidole, nikapotea,
nikainua macho kwenye saa ya mama
aliyoitega tangu alipoolewa
mishale isome kama tunavyosema:
simu ikisema tano ya alfajiri,
ukuta unasema kumi na moja.
Na Brazili, iliyo nyuma yetu kwa saa sita,
inatazama kumi na moja hiyohiyo,
wao usiku, sisi jogoo wa pili.
Miaka yote hiyo ukuta wetu
ulikuwa ukisoma saa za kwao
na hakuna aliyetuambia.

Kumi na mbili kasoro dakika saba, nikabonyeza.
Duara likazunguka. Likasita. Likazunguka.
Mama kasimama nyuma yangu, kandili mkononi,
kama anayemulikia mtu njia.

"Wamesemaje?"
"Wamesema imepokelewa."
"Kupokelewa si kukubaliwa. Posa hujibiwa kwa siku zao."
Akazima kandili, akanipa jembe.

Lilikuwa limebaki tuta moja
tusilolichimba bado.