Homa ya Diski

Fundi Sempoli, Barabara ya Nane, Ngamiani,
alichokonoa feni ya laptopu yangu
akatoa donge la vumbi na singa za mkonge.
"Usiilaze godoroni. Diski ikichemka, husahau."

Basi sasa imesimama juu ya visoda vinne,
upepo upite chini yake.
Umeme ukikatika, feni ya darini ikagoma,
nashika kipepeo cha ukindu, naipepea
kama nilivyompepea Mwanasha ile wiki ya homa.
Mpangaji mwenzangu ananicheka: "Hiyo nayo ina jasho?"

Sijibu. Mle ndani Mwanasha
anauliza bei ya kisamvu, anacheka,
kisha mlango unajibamiza.
Sekunde arubaini.

Nakala sina.
Kesho nitanunua flashi.
Na jana nilisema kesho.