Ufa wa Hatua Moja

Miaka ishirini na sita nawaokea mikate wapanda mlima,
mikate ya nyama, ya moto, naifunga kwa gazeti la juzi.
Huja mlangoni pangu, Wajerumani, Wapolandi, vijana wa Tbilisi
wenye viatu vipya na kicheko cha watu ambao hawajaogopa bado.
Huniuliza: mama Tsiuri, wewe umeshafika huko juu?
Nami huhesabu chenji.

Kaka yangu Gela alipanda mwezi wa nane.
Kilichorudi ni kamba. Ilikatika mahali pamoja tu,
ncha imechambuka kama ufagio uliochakaa,
mama akaitundika ghalani, kando ya miundu,
akatukataza kuigusa.
Tangu hapo sikupanda hata ngazi ya kufutia madirisha.
Nilimlipa jirani anitundikie mapazia.
Mnara wa ukoo wetu, wa mawe, wa ghorofa nne,
naujua ghorofa moja: ile ya chini, ya ng'ombe.

Hunena watu: kwa mwoga huenda kicheko,
kwa shujaa huenda kilio.
Kwetu shujaa aliacha kilio,
na mwoga hakucheka.

Juni hii akaja Beso, mwana wa Gela,
aliyezaliwa miezi mitatu baada ya ile kamba kurudi.
Akanifunga mkanda kiunoni, akaukaza
kama mtu anayemtandika farasi mzee mkaidi.
Shangazi, akasema, twende hadi kwenye barafu tu.
Kileleni siendi hata mimi.

Tuliondoka saa kumi za usiku, taa kwenye paji la uso,
mbwa wa Nanuli akatusindikiza hadi darajani, akachoka.
Nilitegemea kimya kule juu. Kumbe barafu husema:
hunguruma tumboni
kama mgeni mwenye njaa anayeona haya kuomba.

Na pale, kulipopambazuka, ufa.
Upana wake hatua moja, hatua ya kuruka dimbwi
usije ukalowa soksi.
Chini yake, buluu, kisha buluu nyingine,
kisha mahali ambapo rangi yenyewe imekata tamaa.
Beso aliruka. Akageuka. Vuka, akasema.

Naogopa, nikasema.
Sikulisema kinyonge. Nililisema
kama mtu anayemtajia karani jina lake kamili.
Akakaa kimya, akachezea kifundo cha kamba.
Mimi pia, akasema. Kila mara. Hata hapa.
Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, mtoto yule.
Basi tukaogopa wote wawili, yeye ng'ambo, mimi huku,
kamba katikati imelegea,
imepinda kama mdomo unaotaka kutabasamu.

Nikaketi. Nikatoa mkate wangu mwenyewe, umepoa, mgumu,
nikaula pale unapoliwa, si jikoni.
Chumvi imezidi.
Miaka ishirini na sita, na hakuna aliyeniambia.

Kisha nikaruka.
Usinichoree picha: niliruka kama kuku anayefukuzwa jikoni,
nikaanguka kwa magoti, glavu moja ikaenda zake
kule kwenye buluu, na hatukuisikia ikifika.
Beso alinishika mkono ule usio na glavu.
Mkono wa Gela, vidole vifupi, kucha zilizotafunwa.

Hatukwenda mbali zaidi. Wingu lilishuka saa nne.
Lakini kabla halijafunga alinipa darubini,
nikautafuta mnara wetu kule chini, mdogo kama jino,
na kwa mara ya kwanza nikaliona paa lake.
Kuna mti umeota pale juu. Mbetula, nadhani.
Umepata wapi udongo, sijui. Nani kaumwagilia, sijui.
Miaka yote hiyo nilikuwa nikilala karibu na mizizi yake.

Kurudi, niliuvuka ufa ule ule,
nikaogopa vilevile, labda zaidi,
kwa maana sasa nilijua una nini ndani.

Kesho nitapunguza chumvi.
Kesho kutwa, ngazi.
Ile kamba ya ghalani,
tutaona.