Mgonhwa

Sikudhani aliingia saa tano na nusu,
umeme ndio kwanza umerudi Tandika,
feni ya steshenari inakohoa.
Akaweka simu juu ya mashine ya fotokopi:
"Nisomee. Ni kweli?"

Majani ya mstafeli.
Chemsha, kunywa kutwa mara tatu,
sukari itakimbia, vidonge tupa chooni.
Wasambazie watu kumi.
Kaka yake, Kibwana, alishaanza kutupa.

Nikaandika swali. Majibu laki nne,
hata hujapepesa jicho.
"Laki nne! Basi ni kweli."
"Ngoja. Pale Karume mia wanaita bei,
mashati yote ya robota moja."

La kwanza lilikuwa tangazo, limevaa kanzu ya jibu.
La pili limenakili la tatu.
La tatu halina tarehe, halina mwenyewe,
lina picha ya daktari anayecheka meno yote.
La nne, la saba, la kumi na moja:
hata nukta zimekaa palepale.

Kisha nikaliona.
"Mpe mgonhwa kabla hajala."

Mgonhwa.
H mahali pa J, herufi jirani, ukuta mmoja,
kidole cha haraka kimebisha mlango usio wake.
Nikalifungia neno ndani ya alama za kunukuu,
nikatafuta upya:
kurasa thelathini na nane,
na katika kila ukurasa, mgonhwa wangu.

Wangu, ndiyo.
Mvua za Machi, miaka mitatu nyuma,
mtu wa Kimara na begi la chupa:
"Fanya chapu, dada, gari linaniacha."
Ukurasa mmoja, mia tano.
Sikuuliza. Nani huuliza?
Mchapaji ni bomba tu, nilijiambia,
tope waulizwe wenye mto.

Leo nimeufuata mto kwenda juu,
nikitafuta chemchemi,
nimekuta ndoo yangu.

Sikudhani ananitazama. "Mbona kimya?"

Nikafungua kamusi elezo, nikashuka
hadi chini kabisa, kwenye vijinamba
ambako watu hawashuki.
Kiungo kimoja kimekufa.
Cha pili kinazunguka, kinarudi kilikotoka.
Cha tatu kikatufikisha hospitali:
jina la aliyeandika, tarehe,
na sentensi fupi isiyo na mbwembwe:
haijathibitishwa; usiache dawa zako;
mengine bado hatuyajui.

"Kumbe na wao hawajui?"
"Wanajua wanapoishia kujua.
Yule wa mstafeli haishii popote."

Nikamchapia. Herufi kubwa, za macho ya Kibwana.
Nikaisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno,
mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa,
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akatoa sarafu ya mia tano.
Nikaikunjia kiganjani mwake.
"Hii," nikamwambia, "ilishalipiwa."