Kijiko na Gilasi

Mwezi uliopita kikao chetu kilivunjwa na kiti.
Si maneno: kiti chenyewe, cha plastiki, cha bluu,
kiliruka kutoka upande wa Zihindula
kikaitua chupa ya chai,
chai ikanywesha daftari la michango,
ndiyo maana hadi leo jina langu ni la kahawia
na deni langu halisomeki.

Basi Jumapili hii, Nyamugo, kwa mama Nsimire,
mafundi kumi na watatu tumebanana sebuleni
goti kwa goti, kama vifungo ndani ya kopo.
Jambo ni moja: nani atatunza nidhamu?

Prezida Bagalwa anataka wawili,
mmoja wa mlango, mmoja wa maneno.
Wa mlango aandike wachelewaji.
Wa maneno agawe zamu, amkate anayezidi,
atoze franka mia tano kwa tusi,
mia mbili kwa simu inayolia,
na kwa kiti
(hapa ametazama dari)
kwa kiti, elfu tano.

Kura ni maharage.
Sahani zimewekwa chini ya meza; kila mmoja anainama
kama anayetafuta sindano iliyoanguka,
anainuka na uso usiosema kitu.

Wa mlango: Zihindula.
Tumecheka mpaka mabati yakaitika.
Zihindula, anayefika tukisema amina!
Mama Nsimire hakucheka.
"Pale nguo inapochanika kila siku," kasema,
"ndipo pa kupiga mshono mara mbili."

Wa maneno: mimi.
Mimi, ambaye kwa miaka minne
nimesema "ndiyo" labda mara tisa
na "nimelipa" mara chache zaidi.
Nimepewa kijiko na gilasi.
"Gonga, usiogope," kasema Bagalwa, "si kengele ya misa."

Nimegonga.
Sauti ndogo, kama tone la bomba letu saa nane za usiku
maji yanapokumbuka kwamba hata mlimani kuna watu.

Nani atatii hiki?
Katika mji huu tumewaona watunza usalama,
na hakuna aliyekuja na kijiko.

Kisha mvua.
Mvua ya Bukavu haibishi hodi, inaingia na wenzake wote.
Mabati yakapiga kelele, nasi tukayapigia kelele:
bei ya uzi, sare za shule za Muhungu,
nani alikopa mkasi, nani kaurudisha butu.
Gilasi yangu nikaigonga mpaka nikaionea huruma.

Ndipo nikakiona kidole.
Kidole cha Nankafu, pembeni, karibu na kabati,
kimevaa subana, kimeinuliwa kidogo tu,
kama mtu anayepima upepo.
Nikakumbuka: mwezi uliopita, kabla ya kiti,
kilikuwa juu vilevile.
Na mwezi ule mwingine.

Nikasimama. Sikugonga.
Nilimwelekezea kijiko, nikakaa hivyo, mkono ukauma.
Wa kwanza kunyamaza alikuwa Zihindula, mlangoni.
Halafu mwingine, halafu mwingine.
Mvua peke yake ilimaliza zamu yake.

"Mashini yangu niliiuza tangu Pasaka," kasema Nankafu.
"Nashona kwa mkono. Mchango siufikii.
Nilitaka tu kuuliza
kama bado mimi ni mtu wa hapa."

Bagalwa kakohoa, kafungua mdomo wa kiprezida.
Ting.
"Hajamaliza," nimesema.
Sauti yangu imenishtua mimi kuliko yeye.

Na hapo hapo, mfukoni mwangu,
simu ikaanza kuimba, shemeji kutoka Uvira,
anaimba na hanyamazi.

"Mia mbili!" kapaza Zihindula,
tayari ameshika kalamu.

Nimelipa.
Ukurasa mpya, mweupe, mstari wa kwanza:
jina langu, linasomeka vizuri.
Nimeirudisha noti ya chenji mfukoni,
nimezima simu,
nikamgeukia Nankafu.
Kidole bado kiko juu.